Bima ya gari ni haki ya mtu asiyekuwepo

Neno ajali tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana ya muda uliokadiriwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Waswahili walipolichukua hawakulivua maana hiyo yote. Hata leo, gari likipotea njia pale Ruiru na kumgonga mpita njia, watu watakusanyika, watatikisa vichwa na kusema kwamba siku yake ilikuwa imefika. Wahenga nao walishasema kwamba ajali haina kinga.

Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo methali hiyo hailijibu, wala haikukusudiwa kulijibu: ajali ikisha kutokea, nani atalipa? Nani atagharamia hospitali, nani atamnunulia majeruhi magongo, na nani atalisha watoto wa marehemu? Swali hilo ndilo lililozaa sheria inayomlazimisha kila mwenye gari nchini Kenya kukata bima ya mtu wa tatu kabla ya kulitia barabarani. Ni sheria ambayo karibu kila mtu ameisikia na ambayo wachache sana wanajua ni ya nani. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba si ya dereva, si ya polisi na si ya kampuni ya bima. Ni ya mtu ambaye hayupo wakati karatasi inapotiwa sahihi.

Tuanze na barabara yenyewe. Barabara ya kutoka Nairobi hadi Thika ilijengwa upya kati ya mwaka 2009 na 2012, ikapanuliwa ikawa na njia nane katika baadhi ya sehemu zake, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi mwezi wa Novemba 2012. Ni kazi ya kujivunia. Safari ya kilomita zipatazo 50 iliyokuwa ikila nusu ya siku ya mtu sasa yaweza kumalizika kabla chai haijapoa. Lakini barabara hiyo haikupita nyikani. Ilipita katikati ya watu. Upande mmoja wa Ruiru kuna nyumba za kupanga, upande wa pili kuna viwanda, masoko na shule. Juja kuna chuo kikuu na maelfu ya wanafunzi. Thika kuna viwanda vya nguo na vyakula, na nje kidogo ya mji kuna mashamba ya mananasi yanayohitaji vibarua kila alfajiri. Watu hawa wote huvuka. Madaraja ya kupitia juu yamejengwa, lakini asiyeweza kuyafikia upesi, au anayechelewa kazini, bado hukusanya nguo zake na kukimbia chini yake.

Matokeo yake tunayajua. Kwa hesabu za mamlaka ya usalama barabarani, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya katika kila mmoja wa miaka ya 2021, 2022 na 2023. Kundi kubwa kuliko yote katika hesabu hizo si madereva wala abiria. Ni waendao kwa miguu. Ni watu wasio na gari, wasio na leseni, na ambao hawajawahi kuingia katika ofisi ya kampuni ya bima maishani mwao.

Mimi ni mkazi wa Ruiru na shughuli zangu hunipeleka Thika mara kwa mara. Siku moja katika muhula uliopita niliketi mbele, kando ya dereva, katika matatu ya 237 iliyokuwa ikisubiri kujaa. Mbele yangu, kwenye kioo, palibandikwa hati ya bima. Nikamwuliza dereva, mtu mzima wa makamo yangu, ile karatasi ilikuwa ya nini.

“Mwalimu, hiyo ni ya polisi,” akanijibu bila kusita. “Ukikosa hiyo hufiki Ruiru.”

Mama mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma akaingilia mazungumzo. “Kwa hivyo si yetu sisi tuliopanda?”

“Mama, hayo waulize wenye kampuni,” dereva akasema, na watu wakacheka.

Swali la yule mama lilikuwa swali zuri kuliko jibu alilopewa. Na jibu sahihi ni kwamba, naam, hati ile ilikuwa yake. Ilikuwa yake yeye abiria aliyelipa nauli, na ya mzee ambaye wakati huo huo labda alikuwa akijiandaa kuvuka barabara kilomita 10 mbele yetu, asijue kama sisi tupo duniani. Dereva aliijua karatasi kwa adhabu yake tu, jinsi mwanafunzi anavyoujua wakati wa kengele kwa fimbo ya mwalimu wa zamu.

Hapa naomba wasomaji, hasa walimu na wanafunzi, waniruhusu niingie kidogo katika taaluma yangu, kwa maana lugha yenyewe inatusaidia. Sote tumefundishwa kwamba nafsi ziko tatu. Mimi ni nafsi ya kwanza, wewe ni ya pili, yeye ni ya tatu. Wanasarufi wa Kiarabu walizipa nafsi hizo majina yanayoonyesha jambo ambalo namba pekee zinalificha. Nafsi ya kwanza waliiita mutakallim, yaani mwenye kusema. Ya pili wakaiita mukhatab, yaani mwenye kusemeshwa. Ya tatu wakaiita ghaibu, yaani asiyekuwepo. Ni neno lile lile tulilo nalo sisi tunaposema kwamba mtu amesoma kitu kwa ghaibu, au kwamba ndugu yetu yuko ughaibuni. Mimi na wewe tunazungumza. Yeye hayupo, na kwa sababu hayupo hawezi kutujibu, kutukatiza wala kujitetea.

Mkataba wa bima una nafsi hizo hizo. Wa kwanza ni mwenye gari anayelipa ada. Wa pili ni kampuni inayopokea ada na kutoa ahadi. Hawa wawili wanakaa meza moja, wanajadiliana bei, wanatia sahihi. Wa tatu ni kila binadamu mwingine: mwuza mahindi kando ya njia, mtoto wa shule, mwendesha baiskeli, abiria. Yeye ni ghaibu. Hajui kama mkataba unaandikwa, hajui bei yake, hakuulizwa kama anaridhia kuwekewa hatari hiyo. Na ndiye atakayevunjika mguu.

Neno bima lenyewe lina historia ya wawili. Waajemi wanalo, Wahindi wanalo, nasi tunalo, kwa sauti zinazokaribiana, kwa sababu lilisafiri na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Tajiri aliyepakia shehena alitaka kujikinga na hasara ya shehena yake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Kama alipenda kubahatisha, mali ilikuwa yake na hasara ilikuwa yake. Hivyo ndivyo bima nyingine zilivyo hadi leo. Hakuna askari atakayekusimamisha njiani kukuuliza kama umekatia bima runinga yako au ng’ombe wako.

Kwa nini basi gari liwe tofauti? Kwa sababu mwenye gari akibahatisha, habahatishi na mali yake. Anabahatisha na mwili wa mtu mwingine. Hiari ina maana pale tu ambapo mwenye kuchagua ndiye atakayebeba matokeo ya uchaguzi wake. Pale ambapo mmoja anachagua na mwingine anaumia, hiari inageuka kuwa jina zuri la dhuluma. Huo ndio msingi wa ulazima huu, na sijaona mwingine ulio imara kuliko huo.

Ulimwengu haukuifikia hekima hiyo siku moja. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilianza kuwalazimisha wenye magari kukata bima ya aina hii mwaka 1927. Uingereza, ambako sisi tulirithi sheria zetu nyingi, ilichukua hatua hiyo mwaka 1930, na kisa kilichotangulia kinafaa kusimuliwa. Sheria ya mikataba ya Waingereza ilishikilia kwamba mkataba huwahusu waliouandika tu. Aliye nje yake hana la kudai. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtu mmoja aliyekuwa akienda kwa miguu aligongwa na gari la kampuni moja, akashinda kesi. Kampuni ile ilikuwa na bima, lakini ikafilisika. Mahakama iliamua kwamba fedha za bima si za majeruhi. Ni mali ya mfilisiwa, nazo zigawanywe kwa wadai wake wote. Kwa maneno mengine, mguu wa mtu ulivunjika, na fedha zilizotolewa kwa ajili ya mguu huo zikaenda kumlipa kila aliyekuwa akiidai kampuni. Bunge la Uingereza liliona aibu. Mwaka 1930 lilitunga sheria ya kumpa mtu wa tatu haki juu ya fedha hizo, na mwaka huo huo likawalazimisha wenye magari kukata bima. Mwaka 1934 likaongeza kwamba majeruhi aliyeshinda kesi alipwe na kampuni ya bima moja kwa moja.

Sheria yetu, ambayo ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, ilitungwa katikati ya miaka ya 1940, enzi za ukoloni, kwa kufuata nyayo hizo. Inakataza mtu kuendesha gari barabarani, au kumruhusu mwingine kuliendesha, bila bima inayowakinga watu wengine dhidi ya kifo au majeraha ya mwili. Angalia vizuri maneno hayo ya mwisho. Sheria hailazimishi bima kwa ajili ya ukuta wako ulioangushwa wala mbuzi wako aliyekanyagwa, ingawa kampuni nyingi huuza kinga hiyo pamoja. Inayoshurutishwa ni kinga ya mwili na uhai. Gari la dereva mwenyewe halimo kabisa. Anayetaka lake likarabatiwe akate bima kamili kwa hiari yake.

Zaidi ya hayo, sheria hiyo imeweka mambo mawili ambayo yangepaswa kujulikana na kila mwanafunzi anayevuka barabara. Kwanza, majeruhi akishapata hukumu dhidi ya mwenye gari, na kampuni ikiwa ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati, kampuni ndiyo itakayolipa, hata kama mwenye gari amekimbilia mbali au hana kitu. Pili, kampuni haiwezi kumwambia mtu wa tatu kwamba gari lilikuwa bovu, au lilibeba watu kupita kiasi, au dereva alikuwa mzee mno, kwa hivyo hailipi. Masharti ya namna hiyo yanaweza kuandikwa kati ya mimi na wewe, lakini hayamfungi yeye. Kampuni itamlipa majeruhi kwanza, kisha imgeukie mteja wake. Ugomvi wa wawili usimwangukie wa tatu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Sheria hii ni jaribio la kuziokoa nyasi.

Nitoe mfano kutoka mtaani kwetu. Najua mafundi wawili wa kuchomelea vyuma ambao waligongwa na magari katika mwaka mmoja, katika kipande kile kile cha barabara, na wote wawili wakavunjika paja. Wa kwanza aligongwa na lori lililokuwa na bima halali. Kesi yake ilichukua muda, wakili naye akapata fungu lake, lakini mwishowe fidia ilitoka. Leo ana kibanda chake na mashine mpya, na binti yake amemaliza kidato cha nne. Wa pili aligongwa na gari dogo ambalo hati yake, ilipochunguzwa, ilionekana kuwa ya kughushi. Alishinda kesi vile vile. Hakimu alimpa haki yake kwenye karatasi. Mwenye gari hakuwa na mali ya kukamatwa, na hakukuwa na kampuni ya kugeukia. Fundi huyo aliuza vifaa vyake kulipa deni la hospitali, na watoto wake wakapelekwa kwa nyanya yao mashambani. Waliumia sawa, walikuwa na ufundi sawa, walishinda sawa mahakamani. Kilichowatenga ni karatasi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona kabla ya siku ile.

Wapo watakaonipinga, nami nazijua hoja zao. Dereva mwangalifu huniambia: mimi nimeendesha gari miaka 20 sijamgusa hata kuku, mbona nilipie uzembe wa wengine? Namjibu kwamba hakuna anayejua kesho ya breki zake. Tairi hupasuka kwa mtu mwema pia. Isitoshe, mtu asidhani kwamba bima isipokuwepo gharama hupotea hewani. Hulipwa, ila hulipwa na wengine. Sisi walimu tunalijua hilo kuliko wote. Ni mara ngapi bahasha imezungushwa katika chumba cha walimu kwa sababu mwenzetu, au mzazi wa mwanafunzi, amegongwa na gari? Siku hizi bahasha imekuwa kundi la WhatsApp na namba ya M-Pesa, lakini jambo ni lile lile. Harambee ya hospitali ni bima iliyochelewa, na wanaoichangia ni wale wasioileta hatari barabarani. Bima ya lazima inawaambia wenye magari: hatari hii mmeileta ninyi, na faida ya safari mnaipata ninyi, changeni ninyi, mapema, kila mmoja kidogo, kabla hatujajua ni nani atakayegonga.

Mwenye matatu naye hulalamika kwamba ada ni kodi nyingine juu ya kodi. Kweli ada za magari ya abiria ni nzito, na ndiyo maana wengi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja. Lakini nauli ya Ruiru haiwezi kuitwa nauli kamili ikiwa haina ndani yake gharama ya kumrudisha abiria nyumbani akiwa mzima, au kumtunza asipofika mzima. Anayesema hawezi kumudu bima anasema kwamba biashara yake inasimama kwa sababu majeruhi watajibebea hasara. Hiyo ni ruzuku inayotolewa na maskini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba kampuni zenyewe hazilipi. Hapa siwezi kuzitetea. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Zote mbili zilikuwa zikiyakatia bima magari mengi ya abiria. Ada zilikuwa zimelipwa, hati zilikuwa zimebandikwa kwenye vioo, na askari waliziona wakaridhika. Yeye asiyekuwepo ndiye aliyekuta mlango umefungwa. Mwenye matatu pia aliumia, kwa sababu madai yalimrudia. Dawa ya ubovu huo, hata hivyo, si kuifuta sheria. Mtu hauvunji mlango wa nyumba kwa sababu kufuli limeharibika. Dawa ni kuikaza Mamlaka ya Kudhibiti Bima ili isisubiri kampuni ioze ndipo itoe tangazo.

Vile vile kuna mianya katika sheria yenyewe. Marekebisho ya mwaka 2006 yaliweka kikomo: kampuni hailazimiki kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Kinachozidi humrudia mwenye gari, ikiwa anacho. Shilingi milioni 3 za wakati ule si milioni 3 za leo, na kijana aliyevunjika uti wa mgongo akiwa na miaka 19 ana miaka mingi ya kutunzwa mbele yake.

Mwanya wa pili unawahusu walimu na wanafunzi wengi bila wao kujua. Mtu anayepewa lifti ya bure katika gari la binafsi hakulazimishiwa kinga na sheria hii. Ulazima ni wa abiria wanaolipa nauli na wale wanaobebwa kwa mkataba wa kazi. Na gari la binafsi linalobeba abiria wa nauli kwa siri, kama tunavyoyaona alfajiri na jioni katika njia za ndani kutoka Thika, limekatiwa bima kwa matumizi mengine. Ajali ikitokea, kampuni ina sababu ya kujitoa. Anayepanda gari la namna hiyo kwa kuokoa shilingi 20 ajue anachokiacha. Kondakta wa matatu naye, kwa kuwa ni mwajiriwa, hutegemea sheria ya mwaka 2007 inayohusu majeraha ya kazini, wala si hii.

Mwanya wa tatu ni yule aliyegongwa na gari likatoroka, au na gari lisilo na bima kabisa. Uingereza ililitambua tatizo hilo mwaka 1946, na kampuni zake za bima zikaanzisha chombo cha pamoja cha kuwalipa majeruhi kama hao. Sisi tuna Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima, lakini hiyo iliundwa kwa ajili ya kampuni inapofilisika, na malipo yake yana kikomo kidogo. Haikuundwa kwa ajili ya fundi yule wa pili wa mtaani kwetu. Kwa maoni yangu, hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Ikiwa dola imekubali kwamba mtu wa tatu hawezi kujitetea mbele ya mkataba wa wawili, haiwezi kumwacha pale ambapo mmoja wa wawili hao amekataa hata kuuandika. Sehemu ndogo ya kila ada inayolipwa nchini ingetosha kuanzisha mfuko huo, na wabunge wetu hawahitaji kusafiri ng’ambo kujifunza jinsi ya kuutunga.

Wakati tunangoja hayo, kuna mambo ambayo shule zinaweza kuyafundisha kesho asubuhi. Mwanafunzi ajue kwamba akigongwa, au akishuhudia mwenzake akigongwa, jambo la kwanza baada ya kumwokoa majeruhi ni kuishika namba ya gari, kwa sababu kwa namba hiyo ndipo bima hupatikana. Ajue kwamba ajali lazima iandikishwe kituo cha polisi, na kwamba majeruhi ana haki ya kupewa ile hati ya maelezo ambayo watu huiita abstrakti, inayotaja kampuni ya bima na namba ya hati. Ajue kutunza risiti na karatasi za hospitali. Ajue kwamba madai ya majeraha yana muda wake, nao ni miaka mitatu. Familia nyingi hupoteza haki kwa kungoja mwenye gari atimize ahadi alizozitoa kando ya kitanda. Na ajue kumwogopa wakala anayemshawishi adai jeraha asilokuwa nalo, kwa kuwa madai ya uongo hupandisha ada, hudhoofisha kampuni, na mwishowe humnyang’anya aliyeumia kweli.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi moja. Mtakapofika katika somo la nafsi, msiishie kwenye viambishi. Waulizeni wanafunzi wenu yeye ni nani. Waambieni watazame nje ya dirisha, barabarani, na wawataje walio upande wa pili wanaongoja kuvuka. Kisha waulizeni: gari lile linalokuja, limewakumbuka? Dereva wangu wa matatu ya 237 aliamini kwamba karatasi iliyo kwenye kioo chake ni ya polisi, kwa sababu hakuna shule iliyowahi kumwambia vinginevyo. Watoto tunaowafundisha leo ndio watakaoshika usukani kati ya Thika na Ruiru miaka 10 ijayo, na wengine wao ndio watakaokuwa wakivuka.